Majivu Juu ya Vigae vya Jua

Kumi na tisa.

Bi. Zamda Irira alikigonga kipimo kwa ukucha, kama mtu anavyogonga redio kuukuu, akakitumbukiza tena majini. Kumi na tisa. Akakifuta kwa pindo la khanga, akahesabu hadi thelathini, akatumbukiza mara ya tatu. Kumi na tisa na nukta mbili. Namba ile, badala ya kuona haya, ilikuwa inapanda.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, jua la uwanda wa kati ndiyo kwanza linapanda juu ya mabwawa ya majitaka ya mji wa Kolombe. Saa kumi jioni mkaguzi angesimama hapo hapo aliposimama yeye, na kipimo chake mwenyewe mkononi. Sheria ilitaka namba isizidi mbili. Ikizidi, mji mzima unafungiwa Dawa ya Saba siku ile ile, na boksi la barafu la hospitali, linalotunza dawa hiyo, linapakiwa kwenye gari la mkaguzi na kuondoka naye. Hakuna rufaa, hakuna samahani, hakuna mheshimiwa tufikirie.

Dawa ya Saba ndiyo iliyokuwa imebaki. Zile sita za kabla yake, ambazo bibi zetu walizimeza kwa mafua, kwa kichwa kuuma, na hata bila kuumwa chochote, zilikuwa zimeishiwa nguvu moja baada ya nyingine. Na hazikuishia dukani, ziliishia majini. Mgonjwa akipewa dawa, mwili wake huchukua kidogo tu. Nyingi hutoka na mkojo, hushuka chooni, huingia mtoni, na huko vijidudu huionja kidogo kidogo kila siku mpaka vinaizoea. Ndiyo maana kila mji ulipimwa pale maji yake yanapotokea. Na ndiyo maana mtu kama Zamda, mwenye cheti cha ufundi wa maji na ndala miguuni, alikuwa ameshika roho za watu wengi kuliko daktari.

Safari hii roho moja ilikuwa ya kwake. Binti yake Stara, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa amelala wodi namba mbili, mshono wake wa uzazi umeota usaha. Kitoto chake cha kike kilikuwa na siku tisa na hakina jina, kwa sababu Stara alikuwa amekataa katakata kisipewe jina yeye akiwa kitandani. Dozi za Dawa ya Saba zilitakiwa kumi. Alikuwa amepata tano. Juzi homa ilianza kushuka. Jana aliomba chumvi kwenye mchuzi. Daktari alikuwa amemweleza Zamda bila kuzunguka kwamba dawa hii ukiikatiza katikati, ni heri usingeianza.

Kwa hiyo ndani ya maji yale ya kumi na tisa kulikuwa na mabaki ya dawa ya wagonjwa ishirini na watatu, na mmoja wao Zamda alimzaa mwenyewe.

Alisimama, magoti yakalia, akavitazama vigae. Vilikuwa elfu nne, vimepangwa juu ya mteremko wa saruji mpana kama uwanja wa mpira, na maji yaliteleza juu yake kwa unene wa ukucha. Vilifinyangwa na kuchomwa hapo hapo Kolombe, kisha vikapakwa kichocheo, utando mwembamba wenye rangi ya mtindi. Gizani utando ule haufanyi lolote. Jua likiupiga, unaamka, unayararua maji yenyewe na kuzaa chembe kali zenye maisha mafupi kuliko kufumba jicho. Chembe hizo huirukia dawa iliyo karibu na kuitafuna mpaka inakoma kuwa dawa, kinabaki kitu kama hewa na chumvi kidogo. Utando wenyewe haupungui. Kwa miaka miwili namba ya Kolombe haikuwahi kuvuka moja na nusu, na Zamda alitembea mjini kifua mbele.

Halafu, wiki tatu zilizopita, namba ikaanza kupanda kidogo kidogo. Siku nne zilizopita ilivuka mbili. Zamda akafunga lango la kutokea maji, wakulima wa vitunguu kule chini wakaanza kunung'unika, na yeye akawa anayazungusha maji yale yale juu ya vigae mchana kutwa, huku hospitali ikiongeza mengine. Alibadilisha pampu. Alifumua machujio. Alipunguza kasi ya maji mpaka yakawa yanatambaa. Wapi.

Na vigae viling'aa. Havijawahi kung'aa namna ile tangu vilipopangwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

* * *

Bwana Kidabu, katibu wa mji, alifika saa mbili kasoro, suruali ameikunja asichafuke. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya, Zamda angemfukuza na maisha yangeendelea. Alikuwa mtu aliyefika kila msiba na kukaa mpaka mwisho, na macho yake asubuhi ile yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Aliisoma namba. Kisha akaanza kuzungumza taratibu, akitazama pembeni. Kilikuwepo kisima cha akiba, alisema, Bi. Zamda anakijua. Bomba lake lilipita hatua mbili tu kutoka mahali pa kupimia. Mtu akifungua koki saa tisa na nusu, maji safi yakachanganyika na haya, kipimo cha mkaguzi kitasoma moja, labda moja na nusu. Mkaguzi ataandika, ataondoka, na Bi. Zamda atapata mwezi mzima wa kutafuta ubovu wa vigae kwa nafasi. Koki ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Sikuombi uue mtu," alimalizia. "Nakuomba uokoe watu ishirini na watatu. Stara akiwemo."

Mimi sitamsingizia Zamda ushujaa ambao hakuwa nao dakika ile. Alitamani. Aliiona ile koki kichwani mwake, nyekundu, yenye kutu kidogo shingoni. Aliuona mkono wake ukiizungusha. Nani angejua? Maji ni maji.

Lakini palikuwa na mtu mmoja aliyemzuia, na huyo alikuwa kaburini miaka kumi na mmoja. Mumewe, Irira, alijikata mguu kwa jembe akilima kiazi, kidonda cha kucheka nacho. Wakati huo ilikuwepo Dawa ya Sita. Alipewa dozi ya kwanza, ya pili, ya saba, na kidonda kikaendelea kupanda mguu kana kwamba anapewa maji ya chumvi. Alipokwisha kuzikwa ndipo habari zikatoka. Mji mmoja wa juu, kwa miaka miwili mfululizo, ulikuwa ukifungulia maji ya kisima kila anapokuja mkaguzi. Namba zao zilikuwa nzuri sana. Huku chini, Dawa ya Sita ilikuwa inakufa kimyakimya kwenye mifereji.

Zamda alikuwa amemfikiria sana mtu aliyeshika koki ile. Miaka ya kwanza alimlaani. Baadaye, jinsi hasira ilivyopoa, aliwaza kwamba lazima mtu yule alikuwa na sababu nzuri. Pengine alikuwa na binti hospitalini.

Alimwambia Bwana Kidabu ampe mpaka saa nne. Katibu aliuliza saa nne kutakuwa na nini, naye akakiri kwamba hajui. Mzee wa watu akatikisa kichwa, akaenda kukaa juu ya jiwe karibu na koki yake, ufunguo mkononi.

* * *

Wasuguaji walifika saa mbili kamili, wanawake thelathini na wawili wenye ndoo na vitambaa, wakiongozwa na Bi. Mwantumu. Huyu alikuwa dada wa marehemu Irira, kwa hiyo wifi yake Zamda na shangazi yake Stara, na ulimi wake haukuwahi kulala. Kila asubuhi alimletea Zamda chupa ya uji wa ukwaju, na kila asubuhi aliusindikiza na neno.

"Wifi, hiyo sura usivioneshe vigae," alisema. "Vitapasuka, na sisi ndio tutakaolaumiwa."

Zamda alijaribu kucheka ikashindikana. Akamwambia namba. Bi. Mwantumu akakaa chini pale pale, taratibu, bila kutafuta mahali pa kukalia. Hakuuliza maana yake. Alikuwa ametoka wodini alfajiri ile, alikuwa amekibeba kile kitoto kisicho na jina. Alimimina uji kikombeni kwa sababu mikono yake ilitaka kazi, akamnyooshea wifi yake. Na mkono wa Zamda, uliokuwa umetulia siku nne zote, ukatetemeka. Nusu ya kikombe ikamwagikia kigae.

Pale uji ulipoangukia, pakachemka. Lilikuwa povu dogo jeupe, likatoa sauti nyembamba kama mafuta yaliyodondokewa na maji, kisha likatulia.

Zamda aliinama. Uji ulikuwa wa moto, ndiyo, lakini kigae cha udongo hakichemki kwa uji. Alichovya kidole, akakipangusa kigae pale palipomwagikiwa. Chini ya povu mng'aro ulikuwa umetoka, na rangi ya mtindi ilikuwa imerudi, butu, kama siku ya kwanza. Akamimina uji uliobaki kwenye kigae cha pili. Kikachemka. Cha tatu. Kikachemka.

"Wifi," aliuliza polepole, "vigae hivi mnavisugua kwa nini?"

Wanawake walitazamana. Bi. Mwantumu akajibu kwa sauti ya mtu anayeulizwa jina lake na mama yake mzazi.

"Kwa majivu na mchanga laini. Si wewe ulisema?"

Hapo inabidi niwaeleze habari za wanawake wa Kolombe. Mwanamke wa Kolombe anajulikana kwa sufuria zake. Huzisugua kwa majivu na mchanga, ndani, nje, mpaka chini kwenye masizi, kisha huzianika kwenye kichanja mbele ya nyumba ili kila mpita njia aone jua likirudi kutoka kwenye matako ya sufuria. Mkwe akija kumtazama mchumba, hutazama kichanja kwanza, sura ya binti baadaye. Mwongozo wa vigae uliandikwa na watu wa mbali waliojua kemia na hawakujua hilo. Ulisema brashi laini na maji matupu, basi. Kwa miaka miwili wanawake wale walifuata, shingo upande, wakiona aibu kila walipoacha kazi imefifia vile.

Na wiki tatu zilizopita wageni wa mkoa walikuja kuitazama mitambo. Zamda sasa aliyasikia maneno yake mwenyewe kana kwamba yanasemwa na mtu nyuma yake. Alikuwa amepita hapa, jioni ile, akiwa na haraka, akasema: jamani kesho wageni, tusiaibike, visugueni kama sufuria za kwenu. Kesho yake vigae vikang'aa, wageni wakapiga picha, naye akawasifu mbele ya watu. Nani angeacha tena?

Alikaa chini karibu na wifi yake. Siku nne alikuwa akifumua pampu, na kosa lilikuwa limetoka kinywani mwake.

Aliwaeleza, na aliwaeleza bila kujificha. Mchanga laini haukuwa tatizo, utando ule ni mgumu kama kauri. Tatizo lilikuwa majivu. Ndani ya majivu mna chumvi yenye kupenda sana zile chembe kali. Imejipenyeza kwenye vinyweleo vya udongo, jua limeikausha, kila siku imeongezeka tabaka. Jua likipiga, chembe zinazaliwa kama kawaida, ila kabla hazijaifikia dawa, chumvi ya majivu inazimeza zote. Vigae havikuwa vimekufa, vilikuwa vimezibwa mdomo. Na kitu chochote kichachu kama ukwaju kinaiyeyusha ile chumvi, inatoka povu na kwisha.

"Si kosa lenu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Nitalisema hivyo kwa kila atakayeuliza."

Bi. Mwantumu alikuwa tayari anafunga kibwebwe. Aliuliza ukwaju kiasi gani.

* * *

Gari la mkaguzi liliingia saa tatu na robo, saa nyingi kabla ya wakati. Alishuka mwanamke mdogo wa umri, mrefu, aliyejitambulisha kwa jina la Kabula Ngasa. Alimwamkia kila mmoja shikamoo, wasuguaji wote thelathini na wawili, kwa hiyo ilichukua muda. Bwana Kidabu aliruka kutoka kwenye jiwe lake na kumkaribisha chai mjini, chai ya maziwa, na maandazi, na kuna mchoraji mmoja hodari lazima amwone. Huku akizungumza, alimtazama Zamda juu ya bega la mgeni, na akaupapasa mfuko wenye ufunguo.

Ilikuwa nafasi ya mwisho, na Zamda aliijua. Akinyamaza, mkaguzi atakwenda kunywa chai. Vigae vikipona kabla ya saa kumi, vizuri, hakuna atakayejua. Visipopona, koki ipo. Kunyamaza tu. Hakuhitaji hata kusema uongo.

Alimwona Stara akiomba chumvi kwenye mchuzi.

"Mkaguzi," alisema, "kabla ya chai. Maji yangu yanasoma kumi na tisa."

Bwana Kidabu alifumba macho. Zamda akaendelea, akasimulia yote kwa mpangilio: wageni, majivu, siku ambayo namba ilivuka, lango alilolifunga, uji uliomwagika. Hakumtaja aliyemshauri kuhusu kisima, lakini alikionesha kisima kilipo na bomba lake linapopita, akaomba ruhusa ya kukitumia kuoshea vigae baada ya ukwaju. Maji hayo ya kuoshea yangeelekezwa kwenye shimo la pembeni, akasema, na mkaguzi asimame hapo mwenyewe ahakikishe hakuna tone linaloingia bwawani. Mwisho akasema kwamba ana binti wodi namba mbili, ili lisije likajulikana baadaye likaonekana alilificha.

Kabula Ngasa alikuwa ametoa daftari lakini hakuwa ameandika kitu.

"Mama, nina miaka sita kazini," alisema. "Watu huniambia baada ya kipimo, wakilia. Kabla ya kipimo hajaniambia mtu ila wewe." Kisha akaongeza kwamba sheria ni sheria. Atapima saa kumi, na kitakachosomwa ndicho kitakachoandikwa. Ikiwa mbili na nukta moja, boksi la barafu ataondoka nalo, na maneno haya yote hayatamsaidia. Zamda alisema anaelewa. Mkaguzi akakataa chai, akaomba kiti, akakiweka kando ya shimo la pembeni, akakaa.

Sijui nani alipeleka habari mjini. Wengine husema Bwana Kidabu mwenyewe, ambaye alionekana akikimbia, suruali imekunjuka na tope mpaka magotini. Ninachojua ni kwamba ulikuwa msimu wa ukwaju, na hakuna nyumba Kolombe isiyokuwa na ukwaju. Ulikuja kwa makapu, kwa debe, kwa mafungu yaliyofungwa kwenye khanga. Wauza juisi wa stendi walileta mapipa yao yakiwa yameshatiwa sukari, wakarudishwa kwa kicheko. Wenye mashamba ya zabibu walileta siki. Sufuria za Kolombe, zile za kujionesha, zilitoka kwenye vichanja kwa mamia na kubandikwa juu ya mawe matatu kando ya mabwawa, ukwaju ukachemshwa humo mpaka hewa yote ikawa inakwaruza koo, na hakuna mwanamke aliyelalamika kwamba sufuria yake imeingia masizi.

Walikwenda mstari kwa mstari. Wa kwanza anamwaga, wa pili anasugua kwa kitambaa, wa tatu anaosha kwa maji ya kisima, kwa sababu ukwaju wenyewe ukibaki nao ungezipa chembe kali kazi isiyo yake. Povu lilipanda mteremko mzima likinong'ona. Bi. Mwantumu alipita nyuma yao akikagua, na aliyeacha kigae king'ae alitajiwa ukoo wake wote.

"Usinipendezee!" alikuwa akisema. "Leo atakayeng'arisha ni adui yangu. Nataka kigae kichovu, kigae kimelala, kigae kama bwana harusi wa siku ya nne."

Wakacheka, na mikono ikaenda mbio zaidi. Bwana Kidabu alifungua kufuli la koki mbele ya mkaguzi na mbele ya kila mtu, akashika mpira wa maji mwenyewe, akaosha vigae mpaka shati likamgandia mgongoni. Zamda alipompita, katibu alimwambia bila kumtazama kwamba alikuwa amedhamiria kuifungua koki hii leo, na kumbe ameifungua kweli. Zamda akampiga begani kidogo, akapita.

Kigae cha mwisho kilipooshwa ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Jua lilikuwa utosini. Zamda alifungua maji.

* * *

Saa nane, kumi na moja.

Saa nane na nusu, saba na nukta nne. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Walikaa juu ya tuta la bwawa, mamia ya watu, mikono yao ya kahawia kwa ukwaju, wakiyatazama maji kana kwamba ni mpira wa fainali. Kila Zamda alipoinama na kipimo, tuta zima liliinama.

Saa tisa, nne na nukta moja. Saa tisa na dakika kumi likatokea wingu.

Halikuwa kubwa. Lilikuja kutoka milima ya magharibi, likatua juu ya jua na kukaa pale. Mteremko ukawa kijivu. Zamda alijua hesabu yake: kila dakika ya kivuli, chembe zilikuwa hazizaliwi. Dakika tano. Dakika nane. Mama mmoja alianza kuomba dua kwa sauti ya chini, wengine wakaipokea. Zamda hakuomba. Alikuwa akifikiria boksi la barafu, jinsi lilivyo dogo, jinsi mtu mmoja anavyoweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Dakika ya kumi na nne wingu lilisogea. Jua lilirudi juu ya vigae elfu nne vyenye rangi ya mtindi, kali kuliko lilivyoondoka, na watu wa Kolombe walilipigia makofi.

Saa kumi kamili Kabula Ngasa aliinuka kwenye kiti chake. Alitembea mpaka mahali pa kupimia, akavua viatu, akashuka ngazi mbili, akatumbukiza kipimo chake. Akahesabu. Alikitoa, akakifuta, akatumbukiza tena, na mara ya tatu, kama Zamda alivyofanya asubuhi.

"Moja na nukta moja," alisema. "Mara tatu."

Sauti iliyotoka tutani pale ilisikika hospitali, watu walikuja kusema baadaye, na wauguzi walitoka nje kuuliza kuna nini. Bi. Mwantumu alimkumbatia mkaguzi, akamchafua gauni lote kwa ukwaju. Bwana Kidabu alikaa chini kwenye tope na kulia waziwazi, mtu mzima yule. Zamda alikwenda kwenye lango la kutokea maji, akalizungusha gurudumu lake kwa mikono miwili, na maji ya siku nne yakashuka kwenda kwa wenye vitunguu, yakiwa safi.

Mkaguzi alimfuata hapo. Alimwambia kwamba jina lake litakuwemo kwenye ripoti, na kosa lake pia. Zamda akasema liandikwe.

"Hujanielewa, mama," alisema Kabula. "Katika uwanda huu kuna miji kumi na minne yenye vigae kama vyako. Tisa nimeifungia dawa mimi mwenyewe, miaka miwili hii. Wataalamu walisema vigae vimezeeka. Nilipita kote huko." Alivitazama vigae. "Kote huko niliona viking'aa. Niliwasifu."

Maji yalipita chini yao. Zamda alianza kuhesabu kichwani miji tisa, wodi tisa, akaona hawezi kumaliza. Ile koki ingefunguliwa leo kwa siri, namba ingekuwa nzuri, na hakuna mtu popote angejua habari ya majivu.

Mkaguzi alitoa simu, akampa. Aliomba ampigie msuguaji mkuu wa mji wa kwanza, amweleze mwenyewe, kwa sababu yeye angeweza tu kuwasomea mwongozo. Zamda aliitazama simu, akaipitisha kwa Bi. Mwantumu.

"Shoga," Bi. Mwantumu alimwambia mtu asiyemjua, "hebu kwanza niambie, sufuria zako unazisuguaje?"

* * *

Dozi ya sita iliingia saa kumi na mbili jioni. Zamda alikaa kando ya kitanda akaitazama ikishuka kwenye mrija, tone kwa tone, mpaka chupa ikabaki nyeupe. Kitoto kilikuwa kimelala kwenye mkono wake. Stara, macho yamemtoka kwa kukonda lakini yana uhai, alinusa hewa na kusema mama yake ananuka kama juisi ya stendi. Zamda akamsimulia siku nzima, na alipofika kwenye bwana harusi wa siku ya nne, Stara alicheka mpaka akashika mshono.

"Usinichekeshe," alisema. "Nipeleke uani."

Zamda alimlaza mtoto, akamshika binti yake kiunoni, wakaenda hatua kwa hatua kwenye korido ndefu. Jana alikuwa amebebwa. Leo alitembea, akipumzika kila mlango. Zamda alimsubiri nje ya choo, ameegemea ukuta, miguu inawaka moto. Akasikia maji yakivutwa. Yakanguruma, yakashuka ndani ya ukuta nyuma ya mgongo wake, yakaingia kwenye bomba refu analolijua kila kiungo chake, linaloteremka mpaka mabwawani.

Aliuwekea ukuta kiganja.

"Haya, nendeni," aliyaambia maji. "Kesho kuna jua."